Mfumo umegoma, au hesabu haziji: lini ukague kwanza na lini udake eksepsheni

Karani wa kituo cha kukusanyia parachichi kule Tukuyu hatakupigia simu kukwambia kuna `KeyError` kwenye mstari wa 48. Atasema, "Kaka, mfumo umegoma." Au atasema, "Kaka, mfumo unafanya kazi, ila hesabu haziji." Ukiwa unatengeneza programu za vituo, maghala na maduka ya huku Nyanda za Juu Kusini, sentensi hizi mbili zinakupeleka sehemu tofauti kabisa za msimbo. Ya kwanza mara nyingi ni eksepsheni (ishara ya kosa inayorushwa programu ikiwa inaendeshwa, kama hiyo `KeyError`) ambayo hakuna aliyeidaka. Ya pili mara nyingi ni eksepsheni iliyodakwa ikanyamazishwa, au sharti lililoandikwa vibaya. Na hiyo ya pili ndiyo mbaya zaidi. Mfumo ukigoma, karani anarudi kwenye daftari na kalamu, kazi inaendelea. Hesabu isipokuja, kuna mkulima wa Kiwira au Masoko atakayelipwa pungufu na hakuna atakayejua.

Mifano hapa ni ya lugha ya Python, ambamo `try` hujaribu kitendo na `except` hudaka eksepsheni kitendo kikishindwa. Chukulia kazi ya kawaida: karani anapima kreti, anaandika kwenye simu namba ya mkulima, tarehe na kilo, na mtandao ukirudi faili la CSV (jedwali la maandishi lililotenganishwa kwa mikato) linatumwa ofisini Mbeya mjini kwa ajili ya hesabu za malipo. Tunaanza na dalili inayoumiza zaidi.

## Jumla inatoka sifuri au pungufu, na hakuna ujumbe wowote wa kosa

Fungua msimbo utafute `except:` isiyotaja jina la eksepsheni. Karibu kila mara utaikuta, na itafanana na hii:

```
for mstari in rekodi:
    try:
        kilo = float(mstari["kilo"])
        jumla += kilo * bei_ya_killo
    except:
        continue
```

Aliyeandika alikuwa na nia njema: mstari wenye uzito mbovu urukwe, mingine iendelee. Lakini angalia `bei_ya_killo`. Kigeu halisi ni `bei_ya_kilo`. Python inarusha `NameError` kwa kila mstari, `except:` inaudaka kila mara, na programu inamaliza kazi kwa utulivu ikiwa na jumla ya sifuri. Kosa la herufi moja ambalo lingeonekana ndani ya sekunde limefichwa na kinga iliyokusudiwa kitu kingine kabisa.

`except:` tupu inadaka hata `KeyboardInterrupt`, ndiyo maana programu za namna hii zikiwa kwenye kitanzi hukataa kusimama unapobonyeza Ctrl na C. Kubadilisha kuwa `except Exception:` kunaondoa tatizo hilo la kusimama, lakini `NameError` bado inamezwa. Tiba ni kuvifanya vitu viwili kuwa vidogo: eneo lililo ndani ya `try`, na aina ya eksepsheni unayoidaka.

```
for namba, mstari in enumerate(rekodi, start=2):
    try:
        kilo = float(mstari["kilo"])
    except ValueError:
        zilizokataliwa.append((namba, mstari["kilo"]))
        continue
    jumla += kilo * bei_ya_kilo
```

Ndani ya `try` kumebaki kitendo kimoja tu kinachotegemewa kushindwa. Hesabu ya pesa imetoka nje, ikikosewa itapiga kelele. Namba inaanzia 2 kwa sababu mstari wa kwanza wa faili ni vichwa vya safu, kwa hiyo ukimwambia karani "angalia mstari wa 31" anafungua faili kwenye Excel na kuukuta palepale. Na mistari iliyokataliwa haipotei, inahifadhiwa na kurudishwa kwa mtu.

Utagundua sijadaka `KeyError`. Kama safu ya "kilo" haipo kabisa, basi faili lote ni la kitu kingine, au mtu amebadilisha kichwa cha safu kuwa "Uzito". Kuruka mistari yote mmoja mmoja hakusaidii hapo. Acha programu isimame na iseme.

## Programu inasimama kwa `TypeError` kwenye mstari wa mwisho wa faili

Hii ni ya mtandao wa milimani. Faili limekatika likiwa njiani, mstari wa mwisho una namba ya mkulima na tarehe tu. `csv.DictReader` ikikuta mstari mfupi inajaza `None` kwenye safu zilizokosekana, na `float(None)` hairushi `ValueError`, inarusha `TypeError`.

Wengi wanaongeza `TypeError` kwenye orodha ya kudaka na kuendelea. Mimi nakataa. Mstari uliokatika una maana tofauti na uzito ulioandikwa vibaya: unakwambia huenda kuna mistari mingine mingi ambayo haikufika. Hapa weka sharti la wazi kabla, `if mstari["kilo"] is None`, na hukumu yake iwe kulikataa faili zima na kuomba litumwe upya.

## Uzito halali unakataliwa, au uzito batili unapita

Mtu akiogopa eksepsheni huja na ukaguzi kama huu:

```
if thamani.isdigit():
    kilo = float(thamani)
```

Unaonekana msafi, lakini "22.5" haipiti, kwa sababu nukta si tarakimu. Karani aliyepima vizuri anakataliwa. Upande wa pili, tarakimu ndogo ya juu kama ile ya kwenye m² inapita `isdigit()`, kisha `float` inaikataa na programu inagoma ndani ya ukaguzi uliowekwa kuizuia isigome. Huu ndio udhaifu mkubwa wa kukagua kwanza: unalazimika kuandika upya, kwa maneno yako, kanuni ambazo `float` inazijua tayari. Ukikosea sehemu moja, kanuni zako na zake zinaachana.

Kwa hiyo kubadilisha maandishi kuwa namba, jaribu na udake `ValueError`. "22,5" yenye mkato itakataliwa, "2O" yenye herufi O itakataliwa, na nafasi zilizoachwa mbele au nyuma ya namba zitavumiliwa bila wewe kufanya lolote.

Lakini kazi haijaisha, na hapa ndipo watu wa upande wa eksepsheni nao hujikwaa. Swali la "je, hii ni namba?" ni tofauti na "je, huu ni uzito wa kreti?" `float("-20")` ni namba. `float("2250")` ni namba, ingawa karani alikusudia 22.50. Na `float("nan")`, yaani "si namba", inakubaliwa bila eksepsheni yoyote. Mafaili yaliyopitia programu nyingine za takwimu huja na neno hilo pale palipokuwa na nafasi tupu. Thamani hiyo ikishaingia kwenye jumla, jumla yote inageuka `nan`.

Ukiandika `if kilo <= 0:` ili kukataa, `nan` inapita, kwa sababu kulinganisha `nan` na namba yoyote kwa njia hiyo kunatoa uongo. Andika sharti linaloeleza kinachokubalika, si kinachokataliwa:

```
if not (0 < kilo <= 40):
    zilizokataliwa.append((namba, mstari["kilo"]))
    continue
```

Hapo `nan` inakwama, hasi inakwama, na 2250 inakwama. Kiwango cha 40 ni cha mfano, weka kinacholingana na kreti zenu. Umbo la thamani liachie eksepsheni, maana ya thamani iandikie sharti. Vyote viwili vinakaa kwenye funksheni moja bila kugombana.

## Kilo sifuri inahesabiwa kama haikuandikwa

`if kilo:` inakuwa uongo pale kilo ikiwa `None`, na pia ikiwa `0`. Kwenye kituo, sifuri ni habari kamili: mkulima alileta mzigo, ukakataliwa wote kwenye uchambuzi. Mkulima huyo akitoweka kwenye ripoti, kesho atakuja kuuliza na karani hatakuwa na jibu. Andika `if kilo is not None:`.

Ndugu yake ni `mstari.get("kilo", 0)`. Inaonekana ni njia ya upole ya kukwepa `KeyError`, ila imegeuza "sijui" kuwa "sifuri". Tumia `.get` yenye thamani ya akiba pale tu ambapo thamani hiyo ni kweli kwa maana ya biashara, kwa mfano makato ya mkopo wa pembejeo: asiye na makato, makato yake kweli ni sifuri.

## Faili lilikaguliwa lipo, lakini kulifungua kumeshindikana

```
if os.path.exists(njia):
    with open(njia) as f:
        ...
```

Kati ya mstari wa kwanza na wa pili kuna muda. Ni mfupi, lakini flashi inaweza kuchomolewa, au programu nyingine inayohamisha mafaili ikawahi. Na hata bila mtu kugusa kitu, faili kuwepo hakumaanishi una ruhusa ya kulisoma. Sharti limejibu swali ambalo hukuuliza.

Chochote kinachoishi nje ya programu yako, iwe faili, mtandao au kanzidata, hakikuahidi kubaki kilivyokuwa ulipokitazama. Kifanye kitendo chenyewe, kisha shughulikia `FileNotFoundError` na `PermissionError` kila moja kwa ujumbe wake, kwa sababu ya kwanza inatatuliwa na karani na ya pili inatatuliwa na wewe. Nyaraka rasmi za Python zinaueleza mtindo huu kwa kauli ya kwamba ni rahisi kuomba radhi kuliko kuomba ruhusa, na kwa vitu vya nje ya programu nakubaliana nayo moja kwa moja.

## Mkulima mmoja amesajiliwa mara mbili

Ni ugonjwa uleule, safari hii kwenye kanzidata. Makarani wawili, mmoja kituo cha Tukuyu na mwingine kituo cha Ushirika, wanasajili namba ileile dakika moja. Programu ya kila mmoja inauliza "namba hii ipo?", zote zinajibiwa "haipo", zote zinaingiza. Ukaguzi ulikuwa sahihi kwa kila mmoja na bado matokeo ni mabaya.

Hakuna `if` ya kwenye programu itakayoziba pengo hilo. Weka `UNIQUE` (amri ya kuzuia thamani isijirudie) kwenye safu ya namba ndani ya kanzidata yenyewe, ingiza moja kwa moja, udake `sqlite3.IntegrityError` au ile inayolingana nayo kwenye kanzidata yako. Angalizo: eksepsheni hiyo hurushwa pia safu ya lazima ikiachwa tupu. Usimwambie karani "mkulima huyu yupo tayari" kabla ya kuhakikisha kwamba kweli yupo.

## `try` ipo, lakini kosa la seva haliingii kwenye `except`

Unatuma ombi kwa `requests.get`, ya maktaba ya Python ya kutuma maombi mtandaoni, seva inajibu 404 (hakijapatikana) au 500 (kosa la ndani ya seva), na msimbo unaendelea kana kwamba mambo ni shwari. Maktaba hiyo inachukulia kwamba jibu lolote lililofika ni mafanikio ya mawasiliano. Lazima ukague `status_code` mwenyewe au uite `raise_for_status()`. Wanaoandika JavaScript wanakutana na jambo hilohilo kwenye `fetch`: ahadi (`Promise`, yaani jibu linalosubiriwa) haikataliwi kwa sababu ya 500, mpaka uangalie `response.ok`.

Na kama programu imeganda tu, haigomi wala haiendelei, tafuta ombi lisilo na `timeout`. `requests` haina kikomo cha kusubiri usipokiweka. Eksepsheni ambayo haijarushwa haiwezi kudakwa.

## Malipo yametoka mara mbili

Hapa tukae kidogo, maana hapa ndipo pesa za watu zilipo.

Programu inatuma ombi la malipo kwenye huduma ya pesa kwa simu. Sekunde 30 zinapita, mtandao unakatika, eksepsheni ya muda kuisha inarushwa. Msimbo mmoja utasema: imeshindikana, jaribu tena. Mkulima anapata mara mbili. Msimbo mwingine utaandika "imeshindikana" kwenye skrini, mhasibu anamlipa mkononi, na nusu saa baadaye ujumbe wa muamala unaingia kwenye simu ya mkulima. Katika hali zote mbili, programu imelichukua jibu la "sijui" na kulisoma kama "hapana".

Muamala una hali tatu: umekubaliwa, umekataliwa, haijulikani. `if` na `else` zina milango miwili, na `try` na `except` iliyoandikwa kwa haraka nayo ina miwili. Ya tatu lazima uijenge kwa makusudi. Kabla ya kutuma chochote, andika kwenye kanzidata muamala wenye namba ya kumbukumbu uliyoitengeneza wewe, hali yake "unatumwa". Halafu:

```
try:
    jibu = requests.post(anwani, json=ombi, timeout=(5, 30))
except requests.exceptions.ConnectTimeout:
    weka_hali(kumbukumbu, "haujatumwa")
except requests.exceptions.RequestException:
    weka_hali(kumbukumbu, "haijulikani")
else:
    soma_jibu(kumbukumbu, jibu)
```

Mpangilio wa hizi `except` una maana yake. `ConnectTimeout` inarushwa pale ambapo hata kuunganishwa na seva hakukufanikiwa, kwa hiyo ombi halikufika na kujaribu tena ni salama. Nyingine, ikiwemo `ReadTimeout`, zinaweza kutokea baada ya seva kupokea ombi na hata kulitekeleza, jibu tu ndilo halikurudi. Ukizitanguliza za jumla, ile mahususi haitafikiwa kamwe. Ndani ya `soma_jibu` rudi kwenye masharti ya kawaida: kukubaliwa, kukataliwa, na jibu la 500, ambalo nalo liweke kwenye "haijulikani".

Muamala usiojulikana unaulizwa kwa namba ileile ya kumbukumbu, mpaka huduma ijibu. Ukirudia kutuma, rudia kwa namba hiyohiyo, na pale tu ambapo huduma imeeleza kwamba haitekelezi namba moja mara mbili. Kama haina njia hiyo, programu isubiri, na mhasibu aangalie taarifa ya akaunti kabla ya kugusa pesa. Kuchelewa siku moja kunaelezeka kwa mkulima. Kumdai arudishe pesa aliyokwisha kununulia mbolea ni jambo jingine kabisa.

## Kosa linadakwa na sehemu isiyokuwa na la kufanya

Dalili yake: logi (faili la kumbukumbu za programu) imejaa ujumbe uleule umeandikwa mara tatu, nne, kila funksheni imedaka, imeandika, imerusha tena. Au funksheni ya chini kabisa inarudisha `None` ikikosea, na kosa linaonekana mbali sana na lilipozaliwa.

Daka pale penye uamuzi. Funksheni inayosoma kilo moja haijui kama faili lote likataliwe, ila inayosoma faili inajua. Hii si kanuni ya usafi wa msimbo tu. Tarehe 4 Juni 1996 roketi ya Ariane 5 iliharibika sekunde kama 40 baada ya kuanza safari yake ya kwanza kutoka Kourou, Guiana ya Ufaransa. Namba ya desimali ya biti 64 ilibadilishwa kuwa namba kamili ya biti 16, ambayo haiwezi kuzidi 32,767, na eksepsheni ikarushwa. Vigeu saba vilikuwa kwenye hatari ya namna hiyo, vinne vikawekewa kinga, vitatu vikaachwa, kimojawapo kikiwa hicho. Mfumo ulikuwa na utaratibu wa eksepsheni: kuzima kompyuta husika na kuiachia ya akiba. Ya akiba ilikuwa na programu ileile, kwa hiyo ilizimika kwa sababu ileile. Uamuzi wa kuzima ulivifaa vifaa vibovu, haukufaa namba iliyozidi.

## Programu imekuwa nzito baada ya kuongeza `try`

Mara chache `try` yenyewe ndiyo chanzo. Tangu Python 3.11, iliyotoka Oktoba 2022, kuingia kwenye `try` karibu hakuna gharama kama eksepsheni haikurushwa. Gharama ipo kwenye kurusha. Kama nusu ya mistari yako inarusha, basi hali hiyo ni ya kawaida kwenye data yako na inastahili sharti. Lugha ya Java nayo hutumia muda kukusanya taarifa za mahali eksepsheni ilipotokea. Ukihamia lugha ya Go, hutakuta `try` kabisa: funksheni inarudisha kosa pamoja na jibu, na wewe unalikagua kwa `if`.

## Kabla ya kuirudisha kwa karani

Tengeneza faili moja bovu kwa makusudi na ulitunze pamoja na msimbo. Liwe na mstari wa "22,5", wa "2O", wa "nan", wa hasi, wa sifuri uliokataliwa kwenye uchambuzi, na wa 2250. Ukiendesha, programu lazima ifike mwisho, itaje kila mstari uliokataliwa kwa namba yake, na sifuri ibaki kwenye ripoti ikiwa na alama ya mzigo uliokataliwa. Ile sifuri itakukumbusha kuwa `0 < kilo` hapo juu inaikataa, kwa hiyo kwenye safu ya mizigo iliyochambuliwa badilisha sharti liwe `0 <= kilo`.

Kisha badilisha kichwa cha safu kuwa "Uzito" uendeshe tena: safari hii lazima isimame. Futa nusu ya mstari wa mwisho: ilikatae faili. Mwisho, zima data ya simu katikati ya ombi la malipo la majaribio, halafu fungua kanzidata usome hali ya muamala. Ikiwa imeandikwa "imeshindikana", rudi kwenye sehemu ya malipo kabla ya kitu kingine chochote.